Mwaka Meli Iliyozama Ilipofufuka
Maisha ya bibi mmoja wa ukanda wa Ziwa Tanganyika



Kamati ya jumuiya ilipotuomba ukurasa wa historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wengi walitegemea kwamba tutaandika habari za wakubwa: Leopold wa Pili, Lumumba, Mobutu, Kabila. Habari hizo ni za lazima na darasani tunazifundisha. Safari hii, sisi walimu wa historia tumemfuata mama mmoja wa kawaida, mkulima na mchuuzi wa samaki kutoka teritwari ya Fizi, aliyefariki hapa Nyarugusu mwaka 2011. Jina lake hatulitaji. Watoto na wajukuu wake bado wana mafaili yanayoshughulikiwa, na jina la mtu si kitu cha kuchezea, kama itakavyoonekana mbele. Tutamwita Bibi, kama alivyoitwa na majirani zake wote.

Tumefanya kazi hii kwa haja. Kila mkimbizi aliyewahi kukaa mbele ya meza ya usaili anayajua maswali yake: bibi yako alizaliwa wapi, mwaka gani, alivuka ziwa mara ngapi, alifuatana na nani? Kijana aliyezaliwa kambini atajibu nini? Akitaja mwaka mmoja na dada yake akataja mwingine, familia moja inaonekana kama familia mbili. Ofisa anayeuliza anafuata karatasi, na hatumlaumu. Shida ni kwamba Bibi, kwa muda wa miaka zaidi ya 80, aliandikwa mara chache mno. Alikuwa na kadi ya ubatizo, nayo iliungua pamoja na nyumba. Alikuwa mstari mmoja ndani ya kitabu cha kodi cha mume wake. Mwishoni alikuwa na kitambulisho cha Zaire, kisha kadi ya mgao ya kambini.

Kadi ya mgao ilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1930. Wasomaji wanafahamu kwamba wazee wengi wa kambi hii wamezaliwa tarehe 1 Januari, kana kwamba mama zao walingoja sikukuu ya mwaka mpya ndipo wajifungue. Mwenyewe hakuutambua mwaka huo. Alichokuwa anasema ni kwamba mama yake alimzaa mwaka ule meli ya Wajerumani iliporudi kutoka chini ya maji.

Basi tukaanzia kwenye meli. Wajerumani waliijenga huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha katika masanduku hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanaikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nyingi ili isioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa letu. Meli iliyokaa majini miaka mingi ikarudi juu ikipiga honi. Habari kama hiyo haikosi kufika ng'ambo ya pili. Kwa hiyo sisi tunasema Bibi alizaliwa mwaka 1927.

Upo ushahidi mwingine unaotutia nguvu. Baba yake Bibi alikuwa mpagazi katika vita ile. Wabelgiji waliichukua nchi ya Kongo kutoka mikononi mwa Leopold mwaka 1908, na miaka minane baadaye jeshi lao, Force Publique, lilivuka kwenda kupigana na Wajerumani. Liliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba. Askari hawabebi unga wao wenyewe. Wapagazi wa Kongo waliochukuliwa katika vita ile ni zaidi ya laki mbili, na wengi hawakurudi, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Baba yake Bibi alirudi kwa miguu, akapita Kigoma, akaambiwa kwamba meli kubwa imelala chini ya maji. Ndiyo maana miaka kumi na moja baadaye, katika nyumba ile, kufufuka kwa meli kulikuwa jambo la kuhesabia umri wa mtoto. Nyumba ambayo haikupeleka mtu vitani isingelijali vile.

Wakati baba yuko njiani, mama yake Bibi alilima peke yake na kutwanga muhogo wa kupeleka kwa chefu, maana jeshi lilidai chakula kama lilivyodai watu. Katika vitabu vya vita vile tulivyovisoma chuoni, wapagazi wanapewa aya moja. Waliotwanga hawapewi hata sentensi.

Utoto wa Bibi ulikuwa utoto wa pamba. Mbelgiji aliianzisha pamba ya lazima wakati wa vita vya kwanza, na kuanzia mwaka 1921 nchi iligawanywa katika maeneo, kila eneo likiwa na kampuni moja tu yenye haki ya kununua. Mkulima hakuweza kumwuzia mwingine, na bei hakuipanga yeye. Katika bonde la Ruzizi na katika ukanda wa ziwa watu walipimiwa mashamba, na asiyelima alitozwa faini, alifungwa, au alionja fimbo. Sheria ya mwaka 1933 ilisema kazi hizo zisizidi siku 60 kwa mwaka. Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1942, zikafanywa 120.

Hesabu hiyo ya siku ilikuwa ya mwanamume. Aliyeandikwa ni yeye na aliyeadhibiwa ni yeye. Lakini Bibi alieleza mara nyingi kwamba waliopanda, waliopalilia na waliochuma ni mama yake na wao watoto wa kike. Siku ya kuuza, baba alikwenda na mzigo, akapokea faranga, na kabla hajaondoka sokoni faranga zilikuwa zimekwisha kwa kodi. Pamba ilipita mikononi mwa wanawake, fedha ikapita mikononi mwa wanaume, na mwisho vyote vikaishia mahali pamoja. Mtu akitaka kujua kwa nini wazee wetu wa kike hawana kumbukumbu ya mishahara wala ya risiti, sababu ni hiyo.

Aliolewa katika miaka ya vita vya pili, akiwa mke wa pili. Hapo ndipo dola ilipomwona kwa mara ya kwanza. Mwanamume alilipa kodi ya kichwa chake, na mwenye wake zaidi ya mmoja alilipa nyongeza kwa kila mke wa ziada. Bibi aliingia katika kitabu cha mume kama nyongeza hiyo, kwa jina lake la ubatizo. Tunaomba msomaji alishike jina hilo. Baadaye, kwa amri ya Aprili 1950, mkoloni alikataza ndoa mpya za wake wengi. Zile za zamani ziliachwa, na Bibi akabaki mke halali.

Mdogo wake wa kike alikuwa na mkasa wa kinyume. Huyo aliachika, akavuka Ruzizi kwenda kutafuta maisha Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, akapanga chumba Buyenzi. Huko mwanamke aliyehesabiwa kuwa anaishi bila mume alitozwa kodi yake mwenyewe, kana kwamba kuishi peke yake ni biashara, tena biashara ya aibu. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi, wakiwemo wajane watu wazima, waliipinga kodi hiyo waziwazi. Kwa hiyo dada mmoja alikuwa kodi ya mumewe, na mwingine alitozwa kodi kwa kukosa mume.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Katika uchaguzi wa mwezi Mei mwaka huo waliopiga kura ni wanaume peke yao. Wanawake wa Kongo walipata haki hiyo mwaka 1967. Bibi alipoulizwa anakumbuka nini kuhusu uhuru, alijibu kwamba pamba haikusimamiwa tena. Hatukupata zaidi ya hapo.

Wakati wa Mulele, yaani maasi ya 1964 na 1965, aliukumbuka vizuri mno. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi Mei 1964, na Fizi na Baraka zikawa ngome yao. Vitabu vinapenda kueleza jinsi Che Guevara alivyovuka kutoka Kigoma usiku wa Aprili 1965 na kufika Kibamba pamoja na Wakuba wake, akakaa miezi saba na kuondoka Novemba. Bibi hakumwona. Alikuwa porini na watoto, wakila muhogo bila chumvi, kwa maana barabara zilifungwa na maduka yalikuwa matupu. Mwishoni mwa Septemba 1965 jeshi la serikali na mamluki wa kizungu walishuka Baraka. Katika siku hizo ndipo Bibi alipofanya jambo lililogawa ukoo wake.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Wifi yake Bibi alipata nafasi katika mtumbwi wa wavuvi uliokuwa unavuka usiku. Nafasi zilikuwa mbili. Bibi alimpa wifi yake binti huyo, naye akabaki na wadogo, akitegemea kumfuata baada ya wiki chache.

Hakumfuata. Baada ya 1967 Kabila na wenzake waliweka maskani katika milima ya Fizi, mahali walipopaita Hewa Bora, na kwa miaka mingi wanakijiji walibanwa katikati: aliyekaa mlimani alionekana mwasi, aliyeshuka ziwani alionekana msaliti. Sisi hapa hatufanyi siasa, wala bulteni hii haifanyi. Tunasema tu kwamba Bibi alishuka, akajenga kando ya ziwa upande wa kaskazini ya Baraka, akaanza kununua ndagala na mikebuka kwa wavuvi na kuwakausha. Binti alikulia katika kijiji cha wavuvi Kigoma, akahamishwa na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, akaolewa, akawa Mtanzania. Salamu zilipita kwa wavuvi. Barua haikuwapo, kwa sababu Bibi hakujua kusoma, na aliona haya kumpa mtu mwingine maneno ya mtoto wake.

Tunafika sasa kwenye jina. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo iligeuzwa Zaire, na mwaka 1972 Mobutu, aliyeanza kwa kubadili jina lake mwenyewe, aliamuru raia waache majina ya kizungu na kuchukua ya mababu. Watu wengi tunaichukulia habari hiyo kama kichekesho: kofia ya chui, abakosti, majina marefu. Bibi naye alikwenda kwa karani, jina la ubatizo likafutwa, akaandikwa jina la bibi yake mzaa baba. Kitambulisho kipya kikatoka na jina hilo. Lakini binti aliondoka mwaka 1965. Katika karatasi zake zote za Tanzania, penye jina la mama, limeandikwa lile la ubatizo. Kwa hiyo, kuanzia 1972, mama na mtoto hawakuwa tena na uhusiano wowote wa maandishi, ingawa hakuna aliyewaambia, wala hakuna aliyekusudia.

Kuhusu miaka ya Zaire tungeweza kuandika mengi, lakini tutataja bati la akiba tu. Bibi aliweka faida ya samaki katika bati la maziwa ya unga. Desemba 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, na watu wakapewa siku chache kuzibadili, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Mwenye benki na mwenye ndugu mjini walijiokoa. Hadi habari inafika vijijini mwa Fizi, bati la Bibi lilikuwa na karatasi za kuwashia moto. Mume wake alikuwa amekwisha fariki. Alianza upya kwa kukopa ndagala. Mwaka 1993 zikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na safari hiyo, alisema, hakuwa na kitu cha kupoteza.

Hapo tunapenda kuwaeleza vijana jambo la manufaa. Ukimwuliza mzee wako kwamba jambo fulani lilitokea mwaka gani, atakubahatishia ili uridhike. Mwulize ilitumika hela gani. Akisema faranga na Mbelgiji yupo, ni kabla ya 1960. Faranga bila Mbelgiji, ni kati ya hapo na 1967. Makuta na zaire, ni baada ya 1967. Noti zilizokufa ghafla, ni Krismasi ya 1979. Zaire mpya ni 1993, na faranga za Kongo zilizorudi ni 1998. Kwa njia hiyo wanafunzi wetu walipata miaka ya kuzaliwa ya watoto wote wanane wa Bibi, pamoja na watatu waliofariki wachanga, ambao hawajawahi kuandikwa popote.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira na kuteremka ukanda wa ziwa. Bibi, akikaribia miaka 70, alivuka kwa boti pamoja na wajukuu wanne ambao wazazi wao hawakuonekana. Binti alisikia, akaja kwenye kituo cha mapokezi Kigoma. Miaka 31 ilikuwa imepita. Kwa maelezo ya binti, walitazamana kwanza kwa muda bila kusema, kisha Bibi akamwuliza kama wifi yake yu hai.

Binti alitaka kumchukua mama yake nyumbani. Bibi alikataa, na wengi katika ukoo hawakumwelewa. Alikuwa na hesabu zake: akienda kukaa kwa binti, hataandikwa, na wajukuu wanne wasiokuwa na mtu watapangwa wapi, na nani? Akachagua turubai na mgao. Mwaka 1997, Mobutu alipokwisha kuondoka, UNHCR ilitumia meli kurudisha wakimbizi Uvira: safari 22, watu zaidi ya 75,000. Meli ilikuwa ileile Liemba. Bibi alirudi ndani yake.

Hakukaa. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800, kwa hesabu ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Katika kambi hii wapo waliopoteza nyumba nzima katika siku hizo, na hatutawaeleza wanachokijua kuliko sisi. Bibi alivuka tena, akapelekwa Lugufu. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, alipandishwa lori pamoja na wengine kuja Nyarugusu, mbali zaidi na kijiji cha binti yake. Chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 hakuweza kutoka bila kibali, na mgeni naye hakuweza kuingia bila kibali. Mtu aliyevuka ziwa mara tatu hakuweza kuvuka pori la kwenda Kigoma kumwona mwanawe.

Mwaka 2011 aliugua wiki mbili akafariki. Binti aliomba kibali cha kuja kuzika. Katika ofisi moja aliombwa athibitishe kwamba marehemu ni mama yake. Akaonyesha karatasi zake, zenye jina la ubatizo. Kambini kadi ilikuwa na jina la mababu. Majina hayo hayafanani hata herufi ya kwanza. Karani hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kusikia habari za mwaka 1972, wala hakuna mahali alipofundishwa. Mzee mmoja wa kanisa na mwalimu mmoja wa shule yetu waliandika barua ya kurasa mbili kueleza amri ya Mobutu na jinsi ilivyofika hadi kwa mchuuzi wa samaki wa Fizi. Kibali kilitoka siku ya tatu. Maziko yalikuwa siku ya pili.

Nakala ya barua ile tunayo, na tumekwisha kuiazima kwa familia nyingine saba zenye tatizo la namna hiyo. Tunawaomba watumishi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu waiulizie katika ofisi ya kamati, hasa wanaohusika na kuunganisha familia. Wazee waliozaliwa kabla ya 1972 karibu wote wana majina mawili, na watoto wao waliotangulia kuondoka wanalijua moja tu.

Binti alifika jioni ya siku ya tatu, akakuta watu bado wako matangani. Asubuhi yake alipelekwa makaburini na wajukuu. Msalaba ulikuwa wa mbao, bado haujaandikwa, kwa kuwa wajukuu walikuwa wanabishana waandike jina lipi. Wakaandika yote mawili, la ubatizo juu na la mababu chini, na chini yake 1927–2011. Kadi ya mgao ilirudishwa ofisini wiki iliyofuata, ikiwa bado na 1 Januari 1930.